Kifua cha Baba Mkwe

Mtoto alikuwa kifuani, mama alikuwa anatazama ukuta. Ukuta wenyewe haukuwa na la kutazama: bluu iliyofifia chini, nyeupe juu, na msumari uliobaki baada ya kalenda kuondolewa. Pudensiana aliujua msumari ule kuliko alivyoijua sura ya mwanawe.

"Mwalimu, mtoto anapumuaje?" aliuliza nesi Agness, akipita na kipimajoto mkononi.

"Anapumua."

"Nimeuliza anapumuaje. Sijauliza kama anapumua."

Pudensiana akainamisha macho. Ndani ya kitenge alichofungwa kifuani kulikuwa na kofia ya uzi, na chini ya kofia uso mdogo uliokunjamana, wa kitu kilichotolewa kabla hakijaiva. Akautazama kwa muda ule ambao mtu mwenye adabu hutazama picha za harusi ya jirani. "Vizuri," akasema, akarudi kwenye msumari wake.

Sasa msianze kumlaumu. Huyu hakuwa mwanamke asiyejua. Alikuwa mwalimu wa darasa la awali kule Isongole, na kila mwanzo wa mwaka aliwaita wazazi wa watoto wapya, wakakaa kwenye vile viti vidogo magoti yakigusa videvu, yeye akasimama ubaoni kuwaeleza makuzi. Makuzi hayaanzi siku ya kuzaliwa, aliwaambia, yanaanza siku mimba inapotungwa. Mtoto akiwa tumboni anaisikia sauti ya mama yake na kuizoea. Akizaliwa, somo lake la kwanza si kuongea wala kutembea, ni kujua kama dunia inaaminika, na dunia yenyewe kwa wakati huo ni kifua cha mtu mmoja. Wazazi waliitikia kwa vichwa, wengine wakasinzia. Yote hayo aliyajua kama alivyojua irabu.

Na alipopata mimba yake aliyafuata. Jioni akimenya viazi aliongea na tumbo kwa Kifipa, lugha ya kwao Sumbawanga, mpaka mumewe Gwakisa akawa anamtania kwamba mtoto atazaliwa anadai ugali na migebuka, samaki wa huko kwao. Kisha, mimba ikiwa ya miezi saba, siku moja darasani kichwa kikamgonga, macho yakaona vimulimuli, akaanguka mbele ya watoto. Kifafa cha mimba. Alilala na tumbo, akaamka hana tumbo. Mshono unauma, midomo imekauka, na mtu aliyevaa nyeupe anamwekea kifuani kitu chepesi kama ndege aliyenyonyolewa, anamwambia hongera mama, wa kike. Alisema asante. Hakusikia kitu kingine. Alingoja kile alichowaahidi wazazi ubaoni kije, siku ya kwanza, siku ya pili, na hakikuja. Kilichokuja ni ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila hii ilikuwa imempanda mpaka moyoni.

Mtoto njiti hana mafuta ya kumpa joto, nesi Agness alieleza, kwa hiyo lazima akae ngozi kwa ngozi na mtu, mchana na usiku. Akiwekwa kando anapoa, na akipoa anaacha kupumua. Wanawake wengine wa wodini walifungwa watoto wao vifuani wakawa wanapiga soga, wanasukana, wanacheka. Lightness, muuza ndizi wa Makandana, alimwimbia wake mchana kutwa kwa sauti mbaya kweli. Alipoulizwa kwa nini yeye haongei na mtoto, Pudensiana alijibu kwamba mshono unauma. Ulikuwa unauma kidogo tu.

"Hata jina hajamtajia," Lightness alimnong'oneza jirani yake, mnong'ono wa kusikika mpaka mlangoni. "Msomi huyo."

Nyumba nzima ilikuwa imepatwa na maradhi. Gwakisa alishikwa na mafua makali tangu siku ile ya kukimbia na mgonjwa kwenye mvua, na nesi alimpiga marufuku. Basi alikuwa anasimama nje dirishani, shingo imezungushiwa taulo, anapiga chafya na kuuliza, "Pude, anaendeleaje?" Mama yake, bibi Atuganile, ndiye angepokezana na mkwewe kumbeba mtoto, lakini mkanda wa jeshi ulimtoka kifuani wiki hiyohiyo, malengelenge kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, na nesi alipomfunua alirudi nyuma. "Mama, wewe ukimgusa huyu unamuua." Bibi akafunga gauni lake. Alikwenda kukaa barazani, na alilia kwa namna yake, pua ikivutwa tu.

Akabaki mtu mmoja ambaye hakuna aliyemtaja.

*

Kwa Wanyakyusa, mke hamkaribii baba mkwe. Hamtazami, hamsalimii, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mwanamke anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Ndiko kumtila, kama wanavyosema wenyewe. Siku hizi mjini wengi wameilegeza, wanakaa sebule moja wanatazama taarifa ya habari. Lakini mzee Amoni alikuwa mtu wa shambani, wa ndizi zake na chai yake, na kwake mambo yalikwenda kama yalivyokwenda kwa baba yake.

Pudensiana alipoolewa watu walisema mwanamke wa kuja, tena mwenye mshahara, hataweza. Loo! Aliweza kuliko wenyeji. Miaka yote ile ya ndoa hakuwahi kuiona sura ya mzee, alijua viatu vyake tu, raba nyeusi zilizokatwa visigino. Mzee naye alikuwa mwungwana kwa upande wake: kabla ya kukata kona yoyote alikohoa, mkohozo mmoja mnene, ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Bibi Atuganile alijisifia kanisani. Mkwe wangu Mfipa, alisema, anajua heshima kuliko mabinti zenu.

Hospitali ile ya misheni haikuwa mbali na shamba. Kila asubuhi mzee alileta uji kwenye hotipoti, akasimama chini ya mparachichi, mbali na madirisha, mkewe akaenda kuuchukua. Siku ya balaa, mvua ilikuwa inanyesha ile ya Tukuyu isiyouliza mtu, na bibi alikuwa amekwenda kuchomwa sindano ya mkanda wake. Mzee akasimama chini ya mti na hotipoti yake, maji yanamtiririka masikioni, anangoja. Nesi Agness alimwona. Nesi huyu alikuwa mtu wa Tanga, ndiyo kwanza amehamishiwa huku, na roho yake ilikuwa nzuri.

"Babu, unalowa bure! Ingia, mkweo yupo kitanda cha kwanza hapo, mpe mwenyewe uji wake." Akamshika mkono mpaka kizingitini, kisha akakimbilia wodi ya pili alikoitwa.

Mzee akabaki mlangoni. Macho ameyaweka sakafuni, hajui arudi au aingie. Akafanya alichozoea kufanya maisha yake yote. Akakohoa.

Pudensiana aliusikia mkohozo. Mikono yake haikungoja amri. Ilifungua kitenge, ikamtoa mtoto kifuani na kumlaza kwenye mpira wa kitanda, ikavuta kanga juu ya kichwa. Akapita mlango wa nyuma, akapita kamba za kuanikia mashuka, akaenda kukaa nyuma ya karo la kufulia, mgongo ukutani, manyunyu yakimdondokea miguuni.

Akakaa. Mzee aliweka hotipoti chini palepale mlangoni akaondoka bila kuinua macho, kwa hiyo hakuona kitanda wala kilicholala juu yake. Pudensiana alizisikia raba zake zikikanyaga kokoto mpaka zikapotea. Angeweza kurudi. Hapo ndipo penyewe, jamani: angeweza kurudi, na hakurudi. Kifua chake kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu aamke bila tumbo, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu, kwa sababu alikuwa anamheshimu baba mkwe. Akayatazama mashuka yanavyolowa. Akafikiria kwamba mtu hakupaswa kusahau kuyaanua.

Kelele ya nesi ndiyo iliyomwinua.

*

Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya zambarau. Walimpeleka chini ya taa ya joto, wakamsugua mgongo na nyayo, wakampulizia pumzi puani, na Pudensiana alisimama pembeni na kanga yake kichwani kama mgeni aliyekuta msiba wa watu. Mtoto alipolia hatimaye, kasauti kama ka mlango wa kabati, wanawake wote wodini walishukuru Mungu kwa sauti. Yeye alisema amina.

"Ulimkimbia nani?" nesi Agness aliuliza.

"Baba mkwe."

"Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu."

"Hajakufanya kitu!" Nesi akamtazama, akamtazama tena, akatoka nje asije akasema la kumfukuzisha kazi.

Na hapo ndipo aibu yenyewe ilipokuja, wala si ile mnayodhani. Lightness alikuja na mtoto wake kifuani, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika goti. "Dada, nisamehe. Nilikusema vibaya. Kumbe wewe ni mke wa kweli, mimi ningekaa tu pale na titi nje nimwambie shikamoo baba." Wa kitanda cha pili akaongeza kwamba heshima ya namna hiyo haipo tena, na mtoto ni wa Mungu. Walikuwa wanamsifu. Wiki nzima walimnyima neno jema, sasa wanamsifu kwa hilo. Pudensiana alitaka kuwaambia ukweli, akatafuta maneno, akakuta mdomo nao umeingia ganzi. "Asanteni," alisema.

Mchana, mvua ilipopungua, aliwasikia nesi, mumewe na mama mkwe barazani chini ya dirisha lake.

"Mama peke yake hawezi," nesi alikuwa anasema. "Ana mshono, halali, na mnaona hali yake. Haya mambo huwapata wazazi, tunayajua, yanapita akisaidiwa. Nahitaji kifua kingine mpaka baba apone. Babu ana ugonjwa wowote?"

"Babu yupi?" alisema bibi Atuganile.

"Si huyo pale mtini?"

Sauti ya bibi ikapanda. "Mtoto atoke kifua wazi cha mkwe, bado ana joto lake, aende kifua wazi cha baba mkwe? Wewe binti! Huko kwenu Tanga ndivyo mnavyofanya?"

"Huko kwetu Tanga watoto wanazikwa kama wanavyozikwa huku, mama."

Gwakisa akapiga chafya. "Mama, mimi nadhani..."

"Wewe nyamaza na makamasi yako. Watu watasema nini kanisani?"

Ndipo mzee Amoni alipokuja kutoka mtini. Pudensiana alizijua raba zile kwenye kokoto, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kanga. Mtoto alikuwa amerudishwa kifuani, amefungwa mara mbili, na nesi alikuwa amekaza fundo nyuma ya mgongo ambako mkono wa mama haufiki. Hakuweza kukimbia.

"Aliyemwondoa mtoto kwa mama yake ni mimi," mzee alisema. Alisema polepole, Kiswahili chake kizito. "Nimekohoa, yeye ametii. Mkohozo wangu ungemzika mjukuu wangu. Sasa nikae chini ya mti?"

"Baba Gwakisa..." mkewe alianza.

"Nipe sabuni," akasema mzee.

Pudensiana alisikia yote haya mgongo ukiwa dirishani. Si wewe, baba, alitaka kusema. Akautazama msumari.

*

Chumba cha mwisho kilikuwa na vitanda viwili. Nesi alifunga kamba kati ya vitanda, na bibi Atuganile akatundika kanga yake mwenyewe, ile ya kanisani, akaivuta huku na huku mpaka akaridhika kwamba hata mbu haoni upande wa pili. Hakuwa amekubali. Alikuwa ameshindwa, akaamua kwamba kama ni kushindwa basi kanga ikae sawa.

Mzee alikuwa ameoga kisimani mchana uleule, kwenye baridi ile. Alikaa kitanda cha pili, shati wazi, mikono juu ya magoti. Pudensiana upande wake alifungua kitenge. Walikubaliana kwamba nesi ndiye atakayempitisha mtoto chini ya kanga, mikono ya hawa wawili isikutane. Ikawa hivyo. Mtoto akaenda, na Pudensiana akahisi hewa ya baridi ikikaa pale alipokuwa, akajifunika, akalala mara moja usingizi mzito usio na ndoto.

Siku zikawa za namna hiyo. Mama akilala, babu anabeba. Babu akienda kuangalia chai yake, mama anabeba. Pudensiana aliisubiri ile saa ya kumtoa mtoto kuliko alivyosubiri chakula. Mzee akikohoa nje ya mlango, yeye ameshafungua kitenge, ameshamwinua, anamngoja nesi tu.

Mwanzoni mzee hakusema kitu. Alikaa wima kama yupo kwa picha ya kitambulisho. Kisha akaanza kuongea. Mkwe hawezi kumsemesha, na yeye hamsemeshi mkwe, lakini mjukuu yupo hapo na masikio yake, nani atakataza?

"Mjukuu wangu," alisema, "mvua imevunja migomba yangu miwili. Mwambie mama yako ndizi zitakuwepo, asihofu." Siku nyingine: "Mwambie mama yako watoto wa shule wameuliza habari zake. Yule mwenye pengo amesema anajua kuhesabu sasa, arudi amsikie." Na mara nyingine, bila kubadilisha sauti, akasema: "Bibi yako, alipomzaa baba yako, alimtazama kama mtoto wa jirani. Mwezi mzima. Hakuwa na kosa. Mama yangu alimbeba mtoto, sisi tukanyamaza, bibi yako akarudi mwenyewe. Simwambii mtu. Naongea na wewe tu, mjukuu."

Upande wa pili wa kanga Pudensiana hakuwa amelala. Chozi halikuja, msitegemee. Alilala tu macho wazi, akimwazia bibi Atuganile, yule wa kuvuta kanga huku na huku, akiwa msichana ameketi mbele ya mtoto asiyemjua.

Mchana ule nesi alipomrudisha mtoto kwa mama, mtoto alikuja wa moto. Si homa, nesi alipima. Alikuwa amejaa joto la yule mzee, na ananuka sabuni ya mche na moshi wa jikoni. Joto lile lilimwingia Pudensiana kifuani kutoka kwa mtoto, na akashtuka, kwa sababu alilisikia. Lilikuwa dogo na lilikuwa mahali pamoja tu, chini ya mfupa wa bega, pale shavu la mtoto lilipolala. Kwingine kote ganzi. Akakaa kimya asilitishe. Baadaye kidogo akasema neno moja la Kifipa, lile alilokuwa akilisema akimenya viazi, alilisema kwa kujaribu tu, hata halikuwa na sauti.

Kichwa chini ya kofia kikageuka.

Hii aliifundisha. Alisimama ubaoni akaifundisha, mtoto huijua sauti tangu tumboni. Aliwaambia watu wazima waliokaa kwenye viti vidogo, na yeye mwenyewe hakuwa ameiamini. Akalisema tena neno lile.

*

Asubuhi moja nesi Agness aliingia na habari njema. Mtoto ameongezeka uzito, na baba yake amepona kabisa mafua. "Kesho anaanza zamu yeye. Babu leo ni mara yako ya mwisho, kesho ukapumzike na chai yako." Bibi Atuganile, pale mlangoni, alianza kutazama mafundo ya kamba, jinsi ya kuyafungua.

Mzee alikuwa bado nje. Akakohoa, akaingia, kitanda cha pili kikalia. Upande ule wa kanga akaanza kufungua shati. Alikuwa amevaa la Jumapili, lenye vifungo vingi. Nesi akainama, akanyoosha mikono.

Pudensiana hakuwa amefungua kitenge. Mikono yake ilikuwa juu ya mgongo wa mtoto, na haikwenda popote. Mtoto alikuwa macho, amekishika kidole cha mama kwa nguvu ya mtu anayeshikilia jambo lake. Pudensiana hakujua kama hili ndilo lile aliloliahidi ubaoni. Lilikuwa hafifu mno kupewa jina kubwa. Alijua tu kwamba hataki kumtoa.

"Mlete," alisema nesi. "Mwalimu?"

"Baba," alisema Pudensiana.

Bibi Atuganile aliachia kamba. Nesi alibaki na mikono yake hewani. Neno lilikuwa limepita kanga limekwenda upande wa pili, haliwezi kurudishwa. Tangu aolewe hakuwahi kumpa mzee yule hata shikamoo.

"Baba, naomba usubiri kidogo. Bado ninaye."

Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Kisha mzee Amoni akajibu, na alijibu kama desturi yake, macho bila shaka yakiwa sakafuni.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako sina haraka."

Akakaa. Alikaa pale muda mrefu, shati wazi kwenye baridi, kwa ajili ya zamu aliyojua haitakuja. Halafu wakasikia anaanza kufunga vifungo, polepole, kimoja baada ya kingine, mpaka cha shingoni.